Mama Atalala Wapi

Mpendwa Baba,

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni: mpini wa brashi yako ukigonga ukuta wa mabati. Ngo, ngo, ngo. Mara tatu, haikuzidi. Ulikuwa umetundika ile chati yako ya kitambaa cha amerikani katika kanisa letu dogo kule Nyalenda, Kisumu, na juu yake miduara saba uliyoichora mwenyewe, kila mduara kipindi kimoja cha Mungu na wanadamu, kuanzia Adamu bustanini hadi Ufalme wa miaka elfu. Mkono wako uliipita miduara mitano ya kwanza haraka, kama mtu anayepita nyumba za watu asiowajua, mpaka ukafika wa sita, Kipindi cha Neema. Hapo ulisogea ukingoni kabisa, pale rangi ya samawati ilipokaribia kugusa mshale mwekundu wa Unyakuo, siku waumini watakapochukuliwa mbinguni, ukagonga.

"Tuko hapa," ulisema. "Si hapa katikati. Hapa ukingoni. Nafasi iliyobaki ni unene wa brashi."

Nilikuwa na miaka minane, nimeketi benchi la mbele karibu na Mama. Niliuona ule ukingo kama mwisho wa gati: hatua moja zaidi na hakuna tena mahali pa kukanyaga.

Nakuandikia nikiwa nimechoka, Baba, na uchovu wenyewe si wa kazi. Sikuandikii kubishana nawe kuhusu pembe kumi za mnyama wala juma la sabini la Danieli. Nakuandikia kwa ajili ya Mama. Tangu tukuzike ameishi katika nyumba iliyojengwa kwa siku mbili, na kila nilipomwomba nimjengee nyingine alikataa kwa sababu yako. Tena kuna swali uliloniuliza siku zako za mwisho, nami nikalijibu vibaya. Barua hii nimeiacha wazi, maana najua siko peke yangu. Wako watoto wengine waliolelewa ukingoni.

Nianze mahali palipokuwa pazuri. Ulikuwa fundi wa kuandika mabango na majina ya mashua. Shule zikifungwa ulinichukua nikushikie mkebe wa rangi, tukaenda ufuoni Usenge, tukaenda Luanda Kotieno, ukiandika Subira ubavuni mwa mashua hii na Maneno Baadaye ubavuni mwa ile. Kazi ikiisha ulitoa chati kwenye mfuko wa brashi ukaitundika kwenye kibanda cha kupimia samaki, ukaanza kufundisha. Wanawake wa omena hawakuacha kazi yao. Waliendelea kutandaza samaki juu ya nyavu kuukuu huku wakisikiliza kwa sikio moja. Namkumbuka mmoja, mnene, mwenye leso ya njano kichwani. Ulipofika kwa yule mnyama atokaye baharini alikuita.

"Fundi! Huyo mnyama wako wa pembe kumi, nyama yake inauzwa kwa kilo ama kwa gorogoro?"

Ufuo mzima ulicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, kisha ukamwambia, "Huyo, mama, hauzwi. Huyo ndiye atakayekuuza wewe."

Kicheko kikaisha. Ukawaeleza alama ya mnyama, kwamba utakuja wakati ambapo asiye nayo hatanunua wala kuuza hata kijiko cha omena. Yule mama aliacha kutandaza, akasimama na mikono imejaa samaki wabichi. Nilikuonea fahari siku ile. Hakuna mtu mwingine niliyemjua aliyeweza kuuvuta ulimwengu mzima, Babeli na Roma na Yerusalemu, mpaka ukaingia katika kibanda cha samaki.

Ukweli ni kwamba nilikuwa mwanafunzi wako hodari kuliko wote. Kabla ya kumaliza darasa la tano niliweza kuzitaja zile falme nne za Danieli kuanzia kichwa cha dhahabu hadi miguu ya chuma. Na ni mimi niliyekuletea ile habari ya redio. Ulikuwa umetufundisha miaka kadhaa kwamba mataifa kumi ya Ulaya yaliyokwisha kuungana ndiyo pembe kumi. Nikiwa na miaka kumi na miwili nikasikia kwamba mengine mawili yameingia.

"Baba, Ulaya sasa ni kumi na mbili."

Uliitazama redio kana kwamba imekutukana. "Mbili zitatoka."

"Zipi?"

"Zitajijua."

Mama alijifunika uso kwa leso akacheka mpaka akakohoa. Nawe ukashindwa kujizuia. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga na pazia katikati, lakini siku ile kilitutosha.

Chumba kile nakitaja kwa sababu. Hatukuwahi kuwa na kingine. Kila mtu wa rika lako aliyekuwa akifanya kazi Kisumu alikuwa amejenga nyumbani, hata kama ni ya udongo, hata kama analala humo Krismasi tu. Wewe ulikuwa na kiwanja ulichorithi huko Seme, mwendo mfupi kutoka soko la Kombewa, na juu yake hapakuwa na kitu ila nyasi. Mama alikuwa na sanduku moja na sufuria tatu. Na katika kila tulilopanga, liwe harusi ya jirani au sare ya shule, tulimalizia kwa maneno yale mawili: Bwana akikawia. Tutaonana Jumapili, Bwana akikawia. Tutanunua godoro, Bwana akikawia. Nimeyasema mara nyingi kuliko jina langu.

Desemba moja tulikwenda kumsalimia mdogo wako, Baba mdogo Ochieng. Alikuja kiwanjani na miche ya siala kwenye makopo ya mafuta ya kupikia.

"Ndugu yangu, panda hata ishirini. Huyu msichana akimaliza shule una nguzo za nyumba."

"Mti huu unataka miaka kumi," ulisema. "Mimi sina miaka kumi hapa."

"Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Naondoka."

"Na mama mtoto?"

"Tunaondoka wote."

Baba mdogo alikutazama, akamtazama Mama, akakwaruza kidevu. "Basi mkiondoka mniachie zile sufuria." Kisha akachukua makopo yake, akaenda kuipanda miche upande wake wa ua. Mama hakucheka. Alikuwa akiitazama ile miche ikivuka ua. Nimeurudia uso wake ule mara nyingi tangu hapo.

Halafu ukaja mwaka wa themanini na nane. Hukuwahi kusema siku wala saa, hilo nalikiri mbele ya wote, na waliokuwa wakitaja tarehe uliwakemea. Lakini ulitufundisha kwamba mtini ni Israeli, kwamba ulichipua mwaka wa arobaini na nane, na kwamba kizazi kimoja hakitapita. Kizazi ni miaka arobaini. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angeifanya, nami nilikuwa darasa la nane. Nilifanya mtihani wa mwisho nikijiuliza ni nani atakayeusahihisha. Sikuogopa kuachwa. Nilichoona ni kwamba hakuna haja ya kutamani kitu chochote, basi nikaacha kutamani. Ilikuwa rahisi kuliko unavyodhani, na kujifunza upya kumekuwa kugumu kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwaka ukaisha. Januari ikaja na barua ya kuniita kidato cha kwanza. Asubuhi moja ulitoka nje na sanduku langu jipya la bati, ukaliweka juu ya kiti, ukaanza kuandika jina langu juu ya kifuniko. Mabango ya maduka uliyaandika kwa rangi mbili. Jina langu uliliandika kwa tatu: nyeupe, kivuli cheusi, na uzi mwembamba wa dhahabu pembeni mwa kila herufi. Ulipaka, ukangoja ikauke, ukapaka tena ili isichubuke kabla ya miaka minne. Nilikuwa nimekushikia mkebe.

"Baba," nilisema, "si tulikuwa tuwe tumeondoka?"

Hukuinua macho. "Shika mkebe vizuri, nyathina. Rangi inamwagika."

Nyathina, mtoto wangu. Ulipomaliza uligonga brashi kwenye ukingo wa mkebe, mara tatu. Jumapili iliyofuata ulitundika chati kama kawaida, ukasema pengine kizazi si miaka arobaini, na mkono wako ukaenda palepale. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilikuwa nawatazama, na niliona kwamba walikuwa wamechoka kama mimi, wazee na akina mama, lakini kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuketi chini.

Nilisoma, Baba. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda chuo kikuu. Wenzangu walipozungumza usiku na mchana kuhusu watakachokuwa baada ya miaka mitano, niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza lugha aliyowahi kuambiwa asijifunze. Kijana mmoja mwema aliniuliza kama naweza kumngoja miaka miwili amalize masomo. Nilicheka vibaya, akaenda zake. Hakujua. Nilikuwa nimengoja tangu kuzaliwa, na sikuwa na kungoja kwingine kulikobaki.

Kisha ukaugua. Wakati ule magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba, mashua zimekwama ufuoni, na kazi ya kuandika majina ilikuwa imepungua hata kabla mkono wako haujaanza kutetemeka. Mimi nilikuwa mwaka wa pili. Niliomba ruhusa nikaja kukaa nawe hospitalini kwa zamu na Mama. Siku hiyo ilikuwa mchana, Mama ametoka kupasha uji. Ulikuwa umefumba macho, nikadhani umelala.

"Nyathina."

"Baba."

"Mama yako atalala wapi?"

Nilikuelewa. Hukuwa unauliza juu ya benchi la hospitali. Ulikuwa unauliza swali ambalo kila mwanamume wa kwetu huliuliza akiwa na miaka thelathini, nawe umeliuliza ukiwa kitandani, na aliyekuwepo wa kulijibu ni mimi. Ningeweza kusema, "Usihofu, nitamjengea." Maneno mawili tu. Badala yake nikakujibu kama mwanafunzi hodari wa benchi la mbele.

"Bwana anakuja, Baba. Kwa nini tuhangaike na nyumba?"

Ulinitazama muda mrefu. Kisha ukageuza uso ukutani. Mama akarudi na uji, ukakataa.

Siku tatu baadaye ulikwenda. Nimejiuliza mara nyingi kama jibu lile lilikuwa faraja au fimbo. Nataka kusema lilikuwa faraja. Lilikuwa vyote viwili, na nilijua hivyo nilipokuwa nikilitamka.

Unajua kilichofuata, maana ni desturi yenu ninyi wazee. Mwanamume mwenye mke na mtoto haletwi kuzikwa mahali asipokuwa na nyumba. Lazima jeneza liingie mlango wake mwenyewe, la sivyo atalazwa kama mgeni aliyepita njia. Nawe hukuwa na mlango. Basi Baba mdogo Ochieng akakusanya vijana wa ukoo, wakakata siala zilezile ulizozikataa, zikiwa bado zinatoa maji, wakakanyaga udongo, wakaezeka kwa mabati aliyokuwa amenunua kwa ajili ya jiko lake. Siku mbili. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nikisikia nyundo.

"Ninyi watu wa mbinguni," Baba mdogo aliniambia, jasho linamtiririka na macho yamevimba, "mnatupa kazi sana sisi watu wa dunia."

Alikuwa analia. Nadhani asingesema utani ule asingeweza kumaliza paa.

Kwa haraka walikata mlango mwembamba. Jeneza lilikataa kuingia, ikabidi liinamishwe ubavu, na wazee wakanong'ona kwamba unakataa nyumba hata sasa. Mama peke yake hakunong'ona. Alishika jeneza kwa mkono mmoja akasema, "Ingia, baba watoto. Ni ya siku moja tu."

Wewe ulilala humo siku moja. Yeye amelala humo miaka mitatu. Udongo ulikauka ukapasuka, na nguzo moja mbichi ilichipua majani ndani, karibu na kichwa cha kitanda. Hakuyakata. Nilipopata kazi ya ualimu katika shule moja huku upande wa Kisumu, neno langu la kwanza kwake lilikuwa nyumba. Alikataa. Mvua kubwa za mwaka jana zikaja, ukuta wa upande wa ziwa ukaanguka wote mara moja, na nilipofika nilimkuta amening'iniza turubai, anachambua omena kana kwamba ukuta ni kitu cha watu wengine.

"Mama, hii nyumba itakuua."

"Haitaniua."

"Nina uwezo sasa. Niruhusu."

"Nilingoja na baba yako miaka ishirini na miwili," alisema. "Sikumuuliza nyumba, sikumuuliza kitanda. Nikijenga leo, nitakuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba alikosea. Hawezi kunijibu. Hiyo ni heshima gani?"

Nilirudi shuleni nikasahihisha madaftari. Mara nne nilikwenda, mara nne akasema yaleyale, na kila mara turubai lilikuwa limechanika zaidi.

Mara ya tano nilimweleza lile swali. Sikuwa nimemwambia mtu. Tulikuwa tumekaa mlangoni, yeye na ungo wake, na nilizungumza nikitazama mikono yake ili nisitazame uso.

Mikono ikasimama. "Aliuliza hivyo?"

"Aliuliza hivyo."

"Kwamba mimi nitalala wapi? Mimi?"

"Wewe, Mama."

"Na wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia. Nilingoja anikemee. Badala yake akaanza kucheka, kile kicheko chake cha siku ya redio, amejifunika uso kwa leso, na sikujua ni wakati gani kilipogeuka kuwa kitu kingine.

"Wewe ni mtoto wake kweli," alisema mwishowe. "Miaka yote ile nilikuwa nataka aniulize. Kumbe alikuwa analibeba." Akapangusa pua. "Alikuwa amechoka, unajua. Usiku alikuwa ananiambia. Watu wakidhani hachoki."

Hukuniambia mimi, Baba. Ungeniambia ningeketi chini nawe.

Mama akachukua ungo, akapepeta mara moja, mara mbili. "Haya. Jenga. Lakini mwambie fundi ni ya Bwana akikawia."

"Amekawia, Mama."

"Ndiyo maana nasema jenga."

Sijaacha kuamini kwamba Bwana atakuja. Watu watakaosoma barua hii watadhani nimeacha, na siwezi kuwazuia. Nimeacha tu kusimama ukingoni. Nilisoma tena yale unayoyajua kuliko mimi, na sikuona mahali ambapo mtumwa mwema anaambiwa amwache mkewe kwenye mvua. Akija kesho, atakuta Mama ana ukuta. Sidhani atakasirika.

Basi haya ndiyo niliyokwisha kuyafanya. Nimejenga, upande wa juu wa kiwanja, vyumba viwili vya matofali na saruji. Baba mdogo Ochieng ndiye aliyechimba shimo la kwanza kwa niaba yako, kama inavyotakiwa, na alipomaliza alisema, "Sasa zile sufuria sitazipata tena." Mlango niliupima mwenyewe, mpana. Siku ya kuezeka nilikaa nje nikasikiliza nyundo juu ya mabati. Zilipogonga mara tatu niliganda, nikingoja useme tuko wapi. Fundi akaendelea. Aligonga mara ya nne, ya tano, akagonga mchana kutwa, mpaka nikapoteza hesabu, na mabega yangu yakashuka.

Chati yako iko juu ya kabati, imekunjwa vizuri. Mama hajaamua ataitundika wapi, nami simharakishi. Nyumba ya zamani tumeibomoa, isipokuwa ile nguzo iliyochipua. Imeachwa imesimama peke yake uani, na ina matawi matano.

Uliniuliza Mama atalala wapi. Amelala kwake tangu Jumatatu, Baba. Asubuhi ya kwanza nilidhani anaumwa, nikaenda kumgusa paji la uso. Haumwi. Analala tu mpaka jua lipande, jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kumwona akilifanya.

Pumzika nawe.

Ni mimi binti yako, niliyekushikia mkebe wa rangi.